Leza ya kijani imefifia, inapepesa au imezima: tafuta kosa kwa kufuata dalili

Malalamiko kuhusu leza za kijani hapa Tanga yanafanana sana. Asubuhi inawaka vizuri, mchana inafifia. Inapepesa. Inatoa nukta mbili badala ya moja. Imezima kabisa. Na jibu la haraka nalo halibadiliki: "Fuwele imekufa, nunua nyingine." Fuwele inasingiziwa. Katika leza hizi fuwele ni ya mwisho kuharibika. Kabla yake kuna betri, kutu, joto, dayodi (kijipande kinachogeuza umeme kuwa mwanga) na uchafu wa kawaida tu. Ndiyo maana hapa kila dalili inaanza na sababu inayoonekana mara nyingi zaidi na kipimo kisichohitaji kufungua kitu.

Kijani kinapatikanaje

Dayodi iliyomo ndani haitoi kijani. Inatoa infraredi, mwanga ambao jicho haliuoni vizuri, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 808. Infraredi hiyo inaingia kwenye fuwele ya kwanza, vanadati ya itri iliyotiwa neodimi (Nd:YVO4), nayo inatoa infraredi nyingine, ya nanometa 1064. Hiyo ya pili inapita kwenye fuwele ya KTP, na humo ndimo mawimbi mawili ya 1064 yanapoungana kuwa wimbi moja lenye masafa maradufu: nanometa 532, kijani.

Kuungana huko kuna sharti. Kijani kinachozaliwa mwanzoni mwa fuwele kinatakiwa kwenda kwa mpigo mmoja na kinachozaliwa katikati na mwishoni, kama wapiga makasia wa mashua moja. Wakipishana mpigo, mmoja anaharibu kazi ya mwenzake na chombo hakisogei. KTP hukatwa kwa pembe maalumu kwa ajili hiyo. Kwa 1064 pembe hiyo ni karibu nyuzi 23.5 kutoka kwenye mhimili wake wa x. Mwaka 1961 Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walikuwa wa kwanza kuona jambo hili, walipopitisha leza ya rubi ya nanometa 694.3 kwenye kwatzi wakapata 347.2. Lakini mpigo haukuwa umelinganishwa, na nukta iliyopatikana ilikuwa hafifu mno: jarida lilipochapa picha yao liliifuta likidhani ni doa la uchafu.

Kanuni ya pili itakuokoa mara nyingi: kijani kinafuata mraba wa infraredi. Infraredi ikishuka hadi nusu, kijani kinashuka hadi karibu robo. Ikipungua asilimia 30 tu, kijani kinabaki kama nusu. Kwa hiyo kosa dogo kwenye betri au dayodi linaonekana kubwa sana ukutani, na fundi anakimbilia kulaumu fuwele.

Kabla ya kushika bisibisi

Soma lebo. Ikiandikwa 532 nm, ina fuwele. Ikiandikwa 515 au 520 nm, ni dayodi ya kijani ya moja kwa moja, haina fuwele wala infraredi ya kuungana. Levo nyingi mpya za ujenzi, zile za mafundi wa vigae na jipsamu, ni za aina hii ya pili. Kwa hizo shughulika na betri, joto na usafi wa lenzi. Habari za KTP hazikuhusu.

Halafu macho. Mwanga wa 808 unaonekana kama wekundu hafifu sana, wa 1064 hauonekani kabisa, lakini lenzi ya jicho inaikusanya yote kwenye retina kama inavyofanya kwa kijani. Kijani kikikupiga, kope hufumba ndani ya robo sekunde. Infraredi ikikupiga, kope haina habari. Ukifungua leza na kutoa chujio la mbele, umejifungulia infraredi yote.

Leza hupangwa kwa madaraja ya hatari. Mwisho wa daraja la 3R ni miliwati 5. Kutoka hapo hadi 500 ni daraja 3B, na zaidi ya hapo ni daraja la 4. Lebo za leza za bei rahisi usiziamini: iliyoandikwa 5 inaweza kutoa zaidi. Kama huna miwani iliyoandikwa wazi kwamba inakinga 532, 808 na 1064 kwa pamoja, usifungue leza yoyote ikiwa imewashwa. Miwani ya jua haikingi. Vua saa na pete, elekeza mwale chini ya usawa wa macho, na watoto watoke chumbani.

## Dalili ya 1: Haitoi kijani hata kidogo

*Betri na migusano.* Hewa ya pwani ina chumvi, na leza iliyolala kabatini Raskazone miezi mitatu hukutwa na kutu nyeupe au ya kijani kwenye springi ya betri. Toa betri. Ute mweupe wa betri za alkalini futa kwa kijiti cha pamba chenye siki kidogo, kisha spiriti, acha ikauke. Kutu ngumu sugua kwa msasa laini hadi chuma king'ae. Pima volti wakati kitufe kimebonyezwa, si betri zikiwa mezani: betri mbili mpya za AAA zinatoa zaidi kidogo ya volti 3, zikishuka chini ya 2.4 zikiwa kazini, badilisha. Betri za kuchaji za volti 1.2 zikiwa mbili zinatoa 2.4 tu, na leza nyingine hukataa kuwaka nazo hata zikiwa zimejaa. Hilo si kosa la leza.

*Swichi.* Fungua kifuniko cha nyuma, weka mita kwenye kipimo cha ampia 10, gusisha ncha moja kwenye sehemu ya nyuma ya betri na nyingine kwenye mwili wa leza huku kitufe kimebonyezwa na mwale umeelekea ukutani. Miliampia 200 hadi 400 zinaonyesha kwamba umeme unafika kwenye dayodi. Sifuri ina maana swichi au saketi imekatika. Makumi machache ya miliampia: saketi inapata umeme lakini dayodi haipati wa kutosha.

*Dayodi.* Mkondo ni wa kawaida lakini kijani hakuna. Tazama nukta ukutani kupitia kamera ya mbele ya simu. Kwanza ijaribu na rimoti ya televisheni, ukiona taa ya rimoti inamulika, kamera yako inaona infraredi. Ukiona weupe au zambarau hafifu uliotawanyika, dayodi imegeuka taa: inang'aa lakini haifanyi leza tena. Kinachoiua ni umeme tuli wa vidole, betri kugeuzwa, au mshtuko wa umeme unaporudi baada ya kukatika. Mshtuko wa muda mfupi kuliko unavyoweza kuhesabu unatosha kuchoma uso wa dayodi.

*Fuwele kung'oka.* Hii huja baada ya leza kuanguka sakafuni. Kamera inaonyesha infraredi yenye nguvu, kijani hakuna.

Ishia hapa kama ni fuwele. Katika leza ndogo, vanadati na KTP zimegandishwa pamoja kuwa kipande cha milimita chache, na vioo vya leza ni tando zilizopakwa kwenye nyuso za fuwele zenyewe. Hakuna gundi ya dukani itakayozirudisha zikatazamana sawasawa. Badilisha moduli nzima au mpe fundi mwenye meza ya kupangia mwale. Ukibadilisha dayodi mwenyewe, funga miguu yake pamoja kwa uzi wa waya hadi ulehemu umalizike, na shika chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kuigusa.

## Dalili ya 2: Asubuhi inawaka, mchana inafifia

Hili ndilo tatizo la Tanga hasa, na lina maelezo kamili.

Dayodi ya 808 hubadili urefu wa wimbi lake kadiri inavyopata joto: karibu nanometa 0.3 kwa kila nyuzijoto moja. Vanadati inameza vizuri mwanga ulio karibu na 808 na nusu, kwa upana wa nanometa chache tu. Sasa hesabu. Saa moja asubuhi chombo kiko nyuzijoto 24. Saa nane mchana wa kaskazi, kikiwa juani, mwili wake unafika 40 bila shida. Tofauti ni nyuzijoto 16, sawa na nanometa karibu 5. Dayodi bado inatoa nguvu, lakini sehemu kubwa inapita kwenye vanadati bila kumezwa. Pato la 1064 linashuka, na kwa kanuni ya mraba kijani kinashuka zaidi. KTP yenyewe inavumilia joto kubwa kuliko dayodi, kwa hiyo usianze kuihukumu.

Kipimo ni rahisi. Peleka leza kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzijoto 24 au 25, iache imezimwa nusu saa, kisha iwashe. Kijani kikirudi, fuwele ni nzima. Usiweke kwenye friji: ukiitoa itatokwa jasho kama chupa ya maji baridi, na jasho hilo linaingia hadi kwenye nyuso za fuwele. Hata kutoka ofisi yenye kiyoyozi kwenda nje, iache kwenye mfuko wake ipate joto taratibu kabla ya kuifungua.

Kuna upande wa pili. Asubuhi ya masika yenye baridi, leza hiyo hiyo inaweza kukataa hadi uishike kiganjani dakika moja. Sababu ni ile ile, imegeuka upande.

Marekebisho, kuanzia jepesi:

Iweke kivulini, usiiache kwenye dashibodi ya gari. Leza ya mkononi iwashe nusu dakika, izime nusu dakika. Mwili wake mdogo hauna pa kupeleka joto. Kwenye leza za jukwaani, zile za kumbi za harusi, safisha feni na bati la kupoozea. Vumbi likichanganyika na moshi wa mashine ya jukwaani linagandamana kama ugali mkavu, na feni inazunguka bila kupitisha hewa. Ukishasafisha, angalia kama bati limekaa sawa kwenye moduli: futa grisi ya joto ya zamani iliyokauka, paka mpya, nyembamba kiasi cha kuona chuma kwa mbali chini yake. Grisi nene huzuia joto badala ya kulipitisha.

Ukiona kijani kimefifia usipandishe mkondo wa dayodi. Mkondo zaidi ni joto zaidi, joto zaidi ni wimbi kuhama zaidi. Punguza kwa asilimia 10 uone. Mara nyingine kijani kinaongezeka, na hapo umejua kwamba kosa ni joto.

Leza kubwa zina kipoozi cha Peltier kinachoshikilia dayodi kwenye joto moja, na hapa ndipo mashine zilizopangwa kwa nchi za baridi zinapoharibika zikifika pwani. Hewa ya nyuzijoto 32 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kudondosha umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzijoto 26 hivi. Kipoozi kilichowekwa 20 kinakusanya maji ndani ya boksi siku nzima. Utaona doa la ukungu kwenye lenzi ya ndani, kutu kwenye miguu ya dayodi, na kijani kinachoshuka kila baada ya saa moja ya kazi kisha kurudi kesho yake. Dawa ni mbili: funga boksi lisipitishe hewa na uweke silika jeli kavu ndani, au pandisha joto la kipoozi hadi 27 au 28. Kama kipoozi kilikuwa 25, kukipandisha hadi 28 kunahamisha wimbi chini ya nanometa 1, na unaweza kufidia kwa kupunguza mkondo kidogo. Ukiweza, fanya yote mawili.

Mwite mtaalamu kama kipoozi kinashindwa kufikia joto lililowekwa ndani ya dakika 5 ilhali feni zinafanya kazi. Hapo ama Peltier imekufa ama themista (kipima joto chake) inadanganya, na themista inayodanganya inaweza kuikaanga dayodi wakati skrini inasoma 25.

## Dalili ya 3: Kijani hafifu, lakini leza inachoma au inapasha vitu

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote humu, na wengi huifurahia. Nukta ni hafifu, lakini plastiki nyeusi inatoa moshi. Maana yake infraredi inatoka nje. Mwaka 2010 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilichapisha kipimo cha leza ya kijani ya bei rahisi iliyokuwa ikitoa infraredi nyingi kuliko kijani, kwa sababu haikuwa na chujio.

Kipimo unaweza kukifanya kwa sidii ya muziki na karatasi ya A4. Toboa tundu dogo karibu na ukingo mfupi wa karatasi. Simamisha karatasi, na nyuma yake funga leza isisogee, mwale upite tunduni. Mbele, sentimita 20 kutoka kwenye karatasi, simamisha sidii upande unaong'aa ukielekea karatasi, mwale uipige katikati ya kituo na ukingo, na mng'ao wa moja kwa moja urudi tunduni. Izungushe hadi nukta za pembeni zidondoke kwenye urefu wa karatasi. Mistari ya sidii iko mikromita 1.6 mmoja hadi mwingine, kwa hiyo nukta ya kijani itatua kama sentimita 7 kutoka tunduni, ya 808 kama sentimita 12, na ya 1064 kama sentimita 18. Mbili za mwisho utaziona kwa kamera ya mbele ya simu tu, chumba kikiwa na giza. Kijani nacho hutoa nukta yake ya pili pale pale pa sentimita 18, kwa hiyo kijani unachokiona hapo kwa macho si 1064. Tazama skrini ya simu, wala usiweke jicho kwenye njia ya mwale.

Nukta ya sentimita 12 ikiwa angavu: chujio limeanguka au halikuwapo, na vanadati haimezi 808 (rudi dalili ya 2). Kamera ikionyesha pale pa sentimita 18 weupe au zambarau, si kijani tu: 1064 ipo lakini haigeuki kuwa kijani. Kamera inaiona 1064 kwa shida, kwa hiyo hata weupe hafifu hapo ni nguvu nyingi. Sasa, na sasa tu, una haki ya kuishuku KTP: imesogea, imepasuka, au utando wake umeungua. Usipoona infraredi kwenye sehemu hizo mbili na kijani ni hafifu, kosa liko mwanzo kabisa: betri, saketi, dayodi.

Acha kutumia leza inayovujisha infraredi, hasa darasani au kwenye ukumbi. Ukiweza kupata kioo cha kuchuja infraredi chenye ukubwa unaolingana, kiweke nyuma ya lenzi ya mwisho, kisha rudia kipimo cha sidii. Kama nukta za infraredi zipo bado, itoe betri na uiweke kando.

## Dalili ya 4: Inapepesa

Kupanda na kushuka polepole katika dakika ya kwanza ni kawaida. Chombo kinapata moto, leza inaruka kutoka modi moja hadi nyingine, yaani kutoka namna moja ya mwanga kujipanga ndani yake hadi nyingine. Kisipotulia baada ya dakika tatu, anza hivi.

Bonyeza kitufe na utikise taratibu. Kikikatika na kurudi, ni mgusano au betri. Rudi dalili ya 1.

Zungusha mwale haraka ukutani, mita moja kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Mstari ukiwa mzima, umeme ni safi. Ukiona vipande kama kumi, kila kimoja kikianza sentimita 10 baada ya mwenzake, hiyo ni pepesa ya mara 100 kwa sekunde, yaani umeme wa gridi wa hezi 50 unaopita kwenye adapta iliyochoka. Badilisha adapta, au kapasita kubwa ya ndani kama unaijua kazi hiyo. Vipande vidogo vingi sana ni saketi iliyotengenezwa kupepesa kwa makusudi, iache. Kama pepesa inakuja tu ukumbi ukiwa kwenye jenereta, tatizo ni jenereta: weka stebilaiza.

Geuza leza pembeni kidogo isipige kigae au kioo moja kwa moja. Mwale unaorudi ndani ya leza kwa njia ile ile unavuruga modi zake.

Ikibaki pepesa ya kasi, isiyoonekana kwa jicho lakini inayoharibu vipimo vya maabara, kuna uwezekano ni tatizo lililoelezwa na Tom Baer mwaka 1986. KTP ikiwa ndani ya vioo vya leza, modi mbalimbali za infraredi zinaungana zenyewe kwa zenyewe humo, na zinapokonyana nguvu bila utaratibu. Bila osiloskopu na dayodi ya kupimia mwanga huwezi kuithibitisha, na tiba yake ni kubadili muundo wa leza. Hiyo si kazi ya benchi la mtaani.

## Dalili ya 5: Nukta mbovu

Ukungu au pete kuzunguka nukta ni alama ya kidole au chumvi kwenye lenzi ya mwisho, karibu kila mara. Puliza vumbi kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo. Mate yana chumvi na mafuta. Dondosha tone moja la isopropili ya asilimia 99 kwenye karatasi ya kusafishia lenzi, ivute mara moja upande mmoja, itupe. Upande wa kanga au shati huburuta chembe za mchanga na kuchora lenzi. Spiriti ya asilimia 70 ya kliniki inaacha michirizi ya maji. Asetoni kwenye lenzi ya plastiki inaiyeyusha.

Nukta ndogo hafifu pembeni ya ile kubwa ni mng'ao wa chujio; iache. Nukta mbili zinazolingana, zikitenganishwa na mstari mweusi, ni modi nyingine ya leza: dayodi haipigi katikati ya fuwele, au joto limeisogeza. Jaribu kwanza ikiwa imepoa. Isipobadilika, ni kazi ya kupanga upya, ya mtaalamu.

## Dalili ya 6: Inashuka kidogo kidogo kwa wiki na miezi

Toa betri au chomoa umeme, kisha tumia kioo cha kukuza mara 10 na tochi. Vumbi lililoungua kwenye uso wa fuwele linaonekana kama tundu jeusi lenye duara kulizunguka. Vumbi lisiloungua husafishwa kama lenzi, tundu halisafishiki. Ukiona nyuso ni safi, mara nyingi dayodi imezeeka, jambo ambalo utalithibitisha kwa mita ya nguvu ukilinganisha na kumbukumbu ya zamani. Andika kipimo cha siku ya kwanza ndani ya kifuniko cha mashine. Bila hicho, baadaye kila mtu anakisia.

KTP hainyonyi unyevu, lakini inapofanya kazi kwa nguvu kubwa inapata njia ya kijivu: mwale wa kijani unachora ndani yake mstari uliotiwa giza, unaomeza mwanga na kuleta joto. Kuipasha fuwele taratibu na kuiacha kwenye joto la juu kwa muda mrefu hurudisha sehemu ya uwazi wake. Kuisogeza pembeni nusu milimita, mwale upite mahali papya, ni njia ya haraka zaidi kama kishikio kinaruhusu.

Fuwele nyingine za kazi hii hii, LBO na BBO, hunyonya unyevu kidogo kidogo, KDP zaidi sana. Uso unapata ukungu usiofutika, kwa kuwa ni utando na fuwele vyenyewe vilivyoliwa. Ukizihifadhi Tanga, ziwe kwenye boksi la mpira unaobana na silika jeli. Ya bluu ikigeuka waridi imeshiba. Ikaushe kwenye oveni ya nyuzijoto 120 kwa saa chache. Mchele hausaidii, unatoa vumbi tu.

LBO inayogeuza 1064 mara nyingi huwekwa kwenye kioveni cha karibu nyuzijoto 149, maana kwenye joto hilo mawimbi yanakwenda mpigo mmoja bila kuinamisha fuwele. Kijani kikishuka, usiguse skrubu za vioo. Badilisha joto kwa hatua ya nyuzijoto 0.2, subiri dakika mbili kila hatua, tafuta kilele; sensa za joto hazisomi sawa, kilele chako kinaweza kuwa 147 au 151. Pandisha na ushushe taratibu, nyuzijoto chache kwa dakika, kwa sababu LBO hutanuka tofauti kwa kila upande na ikishtuliwa hupasuka. Kwa hiyo kioveni kipate umeme wa akiba hata kama leza yenyewe haina, na usiku kiache kimewaka: fuwele yenye moto hailiwi na unyevu.

## Dalili ya 7: Mashine ya kufuta tatuu, kichwa cha 532 hakipigi

Saluni zenye mashine hizi hukuta kichwa cha 1064 kinapiga vizuri kwenye karatasi, cha 532 kimenyamaza. Ndani ya kichwa cha 532 kuna KTP tu. Leza ya 1064 iko kwenye mkono wa mashine.

Kwanza angalia kama kichwa kimekazwa hadi mwisho. Nyuzi za skrubu yake zikiwa zimeachia nusu mzunguko mwale hauingii sawasawa. Pili, uso wa fuwele: mafuta na ngozi iliyoungua hupanda hadi humo. Tatu, taa ya zenoni imechoka. Hapa mraba unafanya kazi yake tena: taa ikipoteza theluthi ya nguvu, 1064 bado inasikika ikipiga, lakini 532 imebaki chini ya nusu. Kwa hiyo 532 ikififia, hesabu mapigo ya taa kwanza. Nne, maji ya kupoozea: yawe yaliyotoneshwa, si ya bomba, na yabadilishwe. Tano ndiyo KTP yenyewe.

Usifungue mwili wa mashine. Kapasita za taa zinabeba mamia ya volti na zinaua hata baada ya kuchomoa plagi. Mtaalamu wa vifaa vya tiba ndiye wa kuzitoa chaji.

Na kichwa kikishapona, usikijaribu kwenye mkono wa mtu kuona kama kinapiga. Melanini inameza 532 kwa nguvu, na ngozi nyeusi inaweza kuungua au kubaki na alama nyeupe. Jaribu kwenye karatasi nyeusi, miwani ikiwa usoni, mlango umefungwa.